Haruna Juu ya Pipa

Mdogo wangu Haruna alianza kupiga watu kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Nalisema hilo mwanzoni ili asije mtu akadhani nimekuja kumpamba. Tumezaliwa tumbo moja, mimi Badria wa kwanza na yeye kitinda mimba, na maisha yangu yote nimekaa Kariakoo nikiuza pilipili na bizari. Watu husema pilipili imeniingia mdomoni. Waseme.

Baba yetu, mzee Sadalla, alikuwa na mkanda wa ngozi wenye bizimu la chuma. Alitupiga sote, lakini Haruna alimpiga kwa namna ya peke yake, kila siku na sababu yake, na siku ikikosa sababu alipigwa kwa ya jana. Alipokuwa darasa la pili mwalimu alimwita mbele asome ubaoni. Hakujua. Mwalimu akamchapa viganjani, akamwambia soma, akamchapa tena, soma. Haruna akainyakua ile fimbo na kumchapa nayo mwalimu usoni, akamchana mdomo. Hakurudi tena shule. Jioni ile baba alimpiga mpaka mimi na mama tukamlalia juu kumkinga, na kovu la bizimu ninalo begani hadi leo.

Tangu hapo Haruna akaichukia karatasi. Ukimpa risiti, au karatasi ya maelezo ya dawa, anakunja ngumi kwanza ndipo akurudishie. Akakua, akawa kuli wa kubeba magunia kwenye maghala ya nafaka, shingo nene, mikono mirefu. Aligombana na makuli wenzake, akagombana na madereva wa maguta, vile vigari vya mizigo vya magurudumu matatu, akamvunja taya mtu aliyemtania habari ya viatu. Mkewe alivumilia akachoka, akachukua watoto akaenda kwao Tanga. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga mizigo, na nikamwambia asigeuke nyuma.

Sasa nieleze mbio za punda, maana bila hizo Haruna asingekaa kwenye mkeka wa Bi Azza hata kwa mtutu wa bunduki.

Kila Mfungo Sita, Jumapili inayofuata Maulidi, kambi mbili hushindana Jangwani. Kuna Kambi ya Juu, ndio sisi wa huku Kariakoo, na kuna Kambi ya Bondeni, wale wanaokaa karibu na mto. Kila kambi ina punda mmoja na mpanda mmoja, wanazunguka uwanja, na wa kwanza kufika kambi yake inatamba mwaka mzima. Zamani walikuwa punda wa wachota maji na wabeba mchanga. Siku hizi maji yako bombani, yakitoka, na mchanga unabebwa na malori, kwa hiyo punda wanafugwa kwa ajili ya siku hiyo tu, nao wanakula vizuri kuliko baadhi yetu.

Hapo kale viongozi wa kambi waliandikiana masharti, wakatia dole gumba, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kilichoandikwa. Mwaka mmoja mpanda wa Bondeni akashika hatamu ya punda wetu. Wetu wakasema karatasi inakataza, wao wakasema inaruhusu, na kabla hajapatikana wa kuisoma mapanga yalikuwa yameshatoka. Mtu alikatwa shingo akafia pale pale kwenye matope. Aliyemfunika ni marehemu Bi Samah, Mwarabu wa mtaani kwetu, mke wa muuza vitambaa. Alitoa jora zima la bafta dukani kwake.

Kesho yake Bi Samah aliwaita viongozi wa kambi zote mbili uani kwake, akawasimamisha juani kama watoto. Aliwaambia kwamba kuanzia mwaka ule punda hatoki mpaka mtu wa kambi yake, tena mtu ambaye mwaka uliopita hakujua kusoma, apande juu ya pipa ayasome masharti kwa mdomo wake mbele ya watu wote. Wa kuwafundisha ni yeye. Hivyo ndivyo kilivyoanza Kisomo cha Uani, kwa mkeka mmoja na ubao, nyuma ya duka la vitambaa. Wabeba mchanga, wauza mkaa, wapishi, wote walipitia pale, si kwa kupenda elimu bali kwa kupenda punda. Bi Samah alipofariki, binti yake Azza akakirithi kisomo pamoja na ukali wote wa mama yake.

Kadiri miaka ilivyokwenda sheria zilijiongeza. Karatasi husomwa mara moja tu. Ukirudia maneno ukiwa bado juu ya pipa, hata kipenga kikiwa kimeshalia, umeshindwa, kwa sababu watu walizoea kubabaisha halafu wakarudi nyuma kujirekebisha. Kambi pinzani inaruhusiwa kumpigia msomaji kelele, kumrushia maganda ya machungwa na kumtukania mama yake, ila wasimguse. Bi Azza hukaa kwenye kiti na nakala yake, akifuata neno kwa neno kwa kidole. Akipuliza kipenga mara moja, umefaulu. Akipuliza mara mbili, punda wenu anarudi bandani bila kukimbia. Na aliyesoma mwaka huu ndiye anayeandika karatasi ya kambi yake ya mwaka ujao, akiruhusiwa kuongeza sharti moja la kwake. Mwaka wa kwanza unasoma, mwaka wa pili unaandika. Ndiyo maana tuna sharti linalokataza kumnywesha punda gongo.

Hakukuwa na sharti lililosema kambi yako mwenyewe isikuguse. Nani angefikiria?

Mwaka juzi msomaji wetu alikuwa Beno, dereva wa guta, mtu mwembamba mpole kutoka Songea aliyehamia mtaani kwetu na kuoa hapa hapa. Uani alisoma vizuri sana. Nilikuwa nampelekea Bi Azza bizari zake na nilimsikia kwa masikio yangu, anateleza tu. Lakini juu ya pipa ni kwingine. Bondeni walikuja na madebe, wakayapiga kwa vyuma. Ganda likampata Beno mdomoni. Alifika sharti la tatu akasimama. Neno halikutoka. Bi Azza alisubiri mpaka nikamwonea huruma yeye pia, halafu akapuliza kipenga mara mbili.

Punda wetu, Kiroboto, akageuzwa. Mwenye punda ni Abdulatif, muuza nafaka za jumla, ndiye kiongozi wa Kambi ya Juu. Alilia kwa sauti, mtu mzima na tumbo lake. Halafu sauti ikatoka katikati yetu, sijui ya nani: "Katuuza huyo!"

Walimvuta Beno kutoka juu ya pipa kwa mguu. Kichwa chake kiligonga ukingo wa bati. Wakamrukia. Namaanisha watu ninaowauzia bizari, watu wanaonipisha foleni kwa heshima, walimkanyaga kwa viatu vyao vya sikukuu. Abdulatif alimpanda mgongoni, nilimwona. Na aliyekuwa mbele ya wote ni ndugu yangu, amegeuza fimbo ya kuswagia punda, ameshika upande wa ncha, anapiga kwa upande wa mpini. Alimpiga mbavuni, akampiga mkononi alipojikinga, halafu Beno akainua uso kutaka kusema kitu, na mpini ukaingia jichoni.

Nilisikia ule mlio. Sitaueleza.

Hospitali walilitoa lile jicho. Polisi walipomuuliza ni nani aliyempiga, Beno alisema watu walikuwa wengi, hakuona. Mtaa mzima ulijua ni Haruna, na Beno alijua kuliko mtaa mzima, maana hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho jicho lile liliona. Kwa nini hakumtaja? Mkewe alimwambia ni woga. Mimi nilifikiri hivyo pia, na nikashukuru, na nikajichukia kwa kushukuru.

Bi Azza hakwenda polisi. Alikwenda ghalani kwa Abdulatif mchana, watu wakiwa kazini, na baibui lake jeusi limejaa vumbi la unga.

"Shikamoo Bi Azza," makuli wakamwamkia huku na huku.

"Sitaki shikamoo zenu," alisema. "Kambi ya Juu mnataka kukimbia mwaka kesho?"

"Tunataka, Bi mkubwa," Abdulatif akasema. "Tena mwaka kesho tunampata msomaji wa kueleweka. Yule Beno alikuwa wa kuja tu."

"Msomaji wenu nimeshamchagua. Ni yule pale." Akamnyooshea kidole Haruna, aliyekuwa na gunia la mchele begani. "Mkono uliotoa jicho ndio utakaoshika karatasi. Hataki, basi. Uani kwangu mlango umefungwa kwenu, na punda wenu mumle nyama."

Haruna aliliachia gunia likapasuka. "Mimi sisomi, mama. Unanijua. Sisomi."

"Kama husomi ndiyo vizuri. Sharti linataka asiyejua."

Watu wakacheka. Haruna alimfuata wa karibu akamkaba, wakawaamua. Lakini Abdulatif alikuwa ameshaelewa hesabu. Jioni walikuja kwangu, kundi zima, kuniomba nimshawishi. Sikumshawishi. Nilimwambia Haruna, "Usipoenda wewe, kambi itakufanyia ulichomfanyia Beno. Unawajua. Wewe ndiye uliyewafundisha." Akauliza darasa ni saa ngapi.

Kuna jambo ambalo Haruna hakuliwaza mpaka alipokaa kwenye mkeka. Beno alikuwa pale pale, upande wa pili, na kitambaa cheupe kimefunika tundu la jicho. Mwaka wa pili unaandika. Bi Azza alisema aliyeshindwa kusoma ndiye hasa anayetakiwa aandike. Kwa hiyo karatasi ambayo Haruna angeisoma mbele ya Dar es Salaam nzima ingeandikwa na mtu ambaye yeye Haruna ndiye aliyemtoa jicho, na asingeiona hadi dakika ya kupanda juu ya pipa.

Miezi ya kwanza ilikuwa vita tupu. Haruna alivunja chaki, alipiga ngumi ukuta wa Bi Azza mpaka plasta ikadondoka, alichana daftari. Herufi zilimtia hasira zaidi ya matusi. Bi Azza alikuwa na ufito wa mpera, anakupiga nao kwenye vidole ukikosea, na kila ulipotua nilimwona Haruna akiangalia mdomo wa yule mama jinsi alivyouangalia wa mwalimu wake. Nilikuwa nakaa mlangoni na kikapu changu. Alivumilia. Damu ilimjaa machoni, lakini alivumilia.

Siku moja alikwama kwenye neno, na mwanafunzi mmoja, muuza mkaa wa Bondeni, akacheka. Haruna aliruka. Alimshika yule bwana koo kwa mikono miwili, akambana ukutani miguu ikaning'inia, uso ukawa wa zambarau. Bi Azza alimchapa mgongoni kwa ule ufito hadi ukavunjika, Haruna hata hakuhisi. Mimi nilipiga kelele nikijua mtu anakufa mbele yangu.

Beno hakuinuka. Alisema tu, kwa sauti yake ile ile ndogo, "Mwache. Huyo hajakukosea kitu. Kaa urudie neno."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Haruna tangu siku ile. Haruna akamwachia. Alikaa, akarudia neno. Lilikuwa "hatamu."

Baada ya hapo akaanza kushika. Sijui kama ni aibu au ni nini, lakini alishika kwa pupa. Alianza kunisomea vibao vya barabarani tukienda sokoni, kwa sauti, kama mtu anayegombana navyo. Alisoma maandishi ya nyuma ya magari, alisoma majina kwenye magunia aliyoyabeba tangu ujana wake. "Dada Badria, kumbe hili miaka yote ni la Mbeya," aliniambia siku moja, na akakaa chini kwenye kizingiti changu akacheka mpaka machozi. Nilifurahi. Nilimpikia wali wa nazi.

Lakini kadiri alivyojua kusoma ndivyo hofu ilivyomwingia. Asiyejua kusoma haogopi karatasi, anaichukia tu. Haruna sasa aliiogopa. "Dada, yule anaandika nini?" aliniuliza asubuhi, akaniuliza jioni. Alikonda. Alimwona Beno akiandika uani, ameinamisha kichwa upande ili jicho lake moja lifuate mstari, akifuta, akianza upya, na akiona mtu anakuja anageuza karatasi. Abdulatif naye alimtia maneno kila siku: "Kaza, mwanangu. Ukizingua pale juu, hatuna undugu." Alisema huku anacheka, na Haruna alielewa vizuri kile kicheko.

Wiki ya Maulidi yenyewe alishindwa kujizuia. Alimvizia Beno karibu na daraja la Msimbazi, akalisimamisha guta lake kwa mguu na kumvuta chini kwa kola ya shati. Wote wawili walinisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yalilingana.

"Umeandika nini?"

"Utasoma mwenyewe."

"Niambie, Beno. Nitakuvunja."

"Vunja. Jicho limebaki moja, unajua lilipo."

Haruna alikuwa ameinua ngumi. Alikaa nayo hewani, magari yanapiga honi nyuma yao. Kisha akaishusha, akaokota mzigo wa Beno uliodondoka, akaupanga juu ya guta, akaufunga kamba vizuri. Hawakuagana.

Jumapili ikafika. Uwanja ulijaa mpaka barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha na Jangwani palikuwa na utelezi, na ugomvi ulianza kabla ya punda kufika: kijana wetu alichomwa bisibisi pajani, wa Bondeni alipigwa chupa, wakabebwa wote wawili kwenye bajaji moja huku wanatukanana. Msomaji wa Bondeni alipanda kwanza. Watu wetu walimzomea na kumrushia matope, lakini alimaliza, na kipenga kikalia mara moja.

Halafu Haruna. Alivaa kanzu nyeupe niliyompigia pasi. Bi Azza alimkabidhi karatasi imekunjwa, akarudi kwenye kiti chake na nakala yake. Beno alisimama nyuma ya kiti kile, mikono mgongoni.

Haruna alipofungua karatasi, Bondeni walilipuka. Madebe, filimbi, matusi ya mama yetu marehemu ambayo sitayarudia. Sharti la kwanza, punda asiwe na jeraha. La pili, mpanda asivae viatu vyenye chuma. Alisoma kama anavyobeba gunia, polepole, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua lingine. La tatu, ndipo Beno alipokufa ganzi mwaka ule, akalipita. Jiwe lilimpata juu ya nyusi. Si ganda, ni jiwe. Damu ikamtiririka kwenye kanzu, na kila aliyemjua akasubiri ashuke amtafute aliyelirusha. Hakushuka. Alijifuta kwa mkono wa kanzu akaendelea. La nne. La tano. La sita, punda asinyweshwe gongo, na hata Bondeni wakacheka.

Kisha akanyamaza. Niliona macho yake yanakimbia mbele ya mdomo. Abdulatif alikuwa kando yangu, amekamata mkono wangu hadi unauma, ananong'ona, "Soma, soma, soma, usituue."

Haruna akasoma.

"Sharti la saba. Msomaji asipigwe. Mwaka jana msomaji wa Kambi ya Juu alipigwa na watu wake mwenyewe, wakati amelala chini. Aliyemtoa jicho ni Haruna Sadalla. Ndiye anayesoma."

Hakukosea neno. Jina lake mwenyewe alilisema wazi, herufi zote. Bi Azza aliweka kidole mwisho wa nakala yake, akapuliza kipenga mara moja.

Sijapata kusikia kelele kama ile. Kambi ya Juu ilipasuka kwa furaha. Watu walirukaruka, walikumbatiana, Abdulatif alinibusu mimi paji la uso, akamkimbilia Haruna akamkumbatia miguu pale juu ya pipa. "Umetisha, mwanangu! Umetisha! Kiroboto aletwe!" Ngoma zikaanza. Yule aliyesimama karibu na Beno alimpiga Beno begani kwa furaha, kana kwamba anamtaka na yeye ashangilie.

Nilijua wakati ule ule kwamba hakuna aliyesikia. Walikuwa wamesikiliza kama atakwama, na hakukwama. Angeweza kusoma kwamba wote watachinjwa kesho, wangeshangilia.

Haruna aliwaangalia. "Mmesikia nilichosoma?"

"Tumesikia baba, umenyooka! Shuka!"

"Mmesikia nini?"

"Shuka bwana, punda anatoka!"

Hakushuka. Punda wawili walikuwa wameshapangwa kwenye mstari, wapanda wameshakaa. Haruna akainua karatasi tena. Nilimwita, "Haruna, usifanye hivyo, mdogo wangu, usirudie," maana nilijua, na yeye alijua kuliko mimi. Alisoma sharti la saba mara ya pili, kwa sauti ya kuita watu kwenye moto. Walio karibu walinyamaza kwanza. Akasoma mara ya tatu. Ukimya ukaenda ukisogea nyuma, nyuma, mpaka ngoma zikakoma na nikasikia punda wakivuta pumzi. Akawaongezea maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi: "Na wewe Abdulatif ulimkanyaga mgongoni. Na wewe. Na wewe pale, na viatu vyako hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mbele, nyie mlikuwa nyuma yangu."

Kisha mtu wa Bondeni akapiga kelele, "Amerudia! Amerudia jamani!"

Bi Azza alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mama yake. Lakini sheria ni yake na ya mama yake, na akapuliza kipenga mara mbili.

Kiroboto akageuzwa.

Walimvuta kwa mguu, vile vile. Alianguka chali. Mtu aliyeweza kuwatupa watano kati yao ukutani alilala pale mikono imenyooka ubavuni, na hakuinua hata mmoja. Hilo ndilo lililowatia wazimu, nadhani, kwamba hajikingi. Abdulatif alimpiga teke la mdomo. Nilisikia mbavu. Nilijitupa juu yao nikauma mkono wa mtu, nikapata kiwiko cha pua, nikaona giza, nikarudi tena. Nilimkwangua Abdulatif shavu, na nasikitika tu kwamba kucha zangu zilikuwa fupi. Fimbo ilipanda na kushuka juu ya kanzu ile niliyoipiga pasi.

Ndipo punda wa Bondeni akaachiwa. Sheria inasema asiye na mpinzani akimbie peke yake, na watu hawawezi, hawawezi jamani, kumkosa punda anayekimbia. Mmoja aligeuka kuangalia, na mwingine, halafu wote wakamwacha Haruna kwenye matope wakakimbilia kamba za uwanja, wanashangilia punda wa watu wengine.

Tukabaki watatu. Mimi na damu puani, Haruna chini, na Beno, aliyekuwa amekuja akapiga magoti bila mimi kumwona. Sikuwahi kumuuliza aliandika lile sharti ili iweje. Alikuwa anamsafisha Haruna matope kwenye macho kwa kile kitambaa chake cheupe, amekivua, na tundu lake liko wazi kwa yeyote wa kutazama.

Haruna alitema damu na jino. Taya haikutaka kufunguka, lakini aliuliza.

"Wamesikia?"

Beno aligeuza shingo, kama inavyombidi siku hizi ili aone upande ule. Wote walikuwa wametupa mgongo, mstari mzima, wanaruka.

"Mimi nimesikia," alisema.

Sijui kama hiyo ni kusamehe, na hata sasa sijamuuliza. Alimwingiza mkono Haruna chini ya kwapa, mimi nikashika upande wa pili, tukamkokota hadi kwenye guta.